Ndoto mbaya inayojirudia: inavyotibiwa mchana

Ndoto mbaya ikija mara moja, mtu hushtuka, hunywa maji, asubuhi akaisimulia na yakaisha. Inayosumbua ni ile inayorudi: mlango uleule usiofungika, mtu yuleyule anayekufukuza, marehemu yuleyule anayekuja kukulaumu. Ikishafika mara moja kwa wiki au zaidi, ukaanza kuogopa kwenda kulala au ukawa unasinzia kazini, hilo ni tatizo la afya na lina tiba. Tiba yenyewe haifanyiki kitandani. Hufanywa mchana, ukiwa macho kabisa, kwa kalamu na daftari.

Usingizi wa usiku mmoja huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Ndani ya mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, misuli ya mwili imelegea kabisa, na ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Ndoto ndefu zenye kisa nyingi hutoka humo. Mwanzoni mwa usiku kipindi hicho ni kifupi, kuelekea alfajiri hurefuka. Ndiyo maana ndoto nyingi mbaya humkamata mtu kuanzia saa tisa usiku hadi kunakucha. Wapo wanaoziita hizo saa za wachawi, lakini ndizo saa ambazo ubongo wa kila mtu, mwema na mbaya, huota zaidi.

Kwa nini irudi ileile? Kwa sababu unaamka katikati, pale hofu ilipofika kileleni. Kisa kinabaki bila mwisho, na ubongo unahifadhi kipande cha kutisha peke yake. Mchana unakikimbia, hutaki hata kukitaja, kwa hiyo hakuna kinachokibadilisha. Usiku ubongo unapita njia ileile kwa sababu ndiyo iliyochongeka.

Ujue kwanza ni ipi

Si kila kinachotokea usiku ni ndoto mbaya, na tiba zinatofautiana. Ndoto mbaya yenyewe inakuamsha, unajua uko wapi ndani ya muda mfupi, na unaikumbuka.

Mtoto anayekurupuka saa moja au mbili tu baada ya kulala, akapiga kelele, macho wazi lakini hakutambui, kisha asubuhi hakumbuki kitu, haoti. Ameamka nusu kutoka katika usingizi mzito. Usimtingishe wala kummwagia maji. Kaa karibu asijigonge, mlaze tena taratibu. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Kukabwa na jinamizi ni jambo jingine. Hapo akili imeamka lakini mwili bado umelegea kama ulivyokuwa ndotoni. Unaona chumba chako, unasikia mtu amekukalia kifuani, sauti haitoki. Kifua kinakuwa kizito kwa sababu misuli ya mbavu bado haijarudi kazini. Unapumua kwa kiwambo cha tumbo pekee, na ukijaribu kuvuta pumzi kubwa inagoma. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache na haiui. Usipambane na mwili mzima. Tembeza macho, kisha jaribu kidole kimoja cha mguu au ncha ya ulimi, na vingine vitafuata. Ukishafunguka, inuka kabisa ukae dakika chache, maana ukirudi kulala papo hapo, chali, inaweza kukukamata tena. Huwapata zaidi wanaolala chali, wanaolala saa chache, na wanaofanya kazi za zamu: walinzi, wauguzi, madereva wa malori ya usiku.

Mtu akikakamaa na kutetemeka usingizini, akajing'ata ulimi au kujikojolea, akaamka amechoka na kuchanganyikiwa, huenda ni kifafa cha usiku. Apelekwe hospitali. Mtu mzima, hasa mwanaume aliyevuka miaka 50, anayepiga ngumi na mateke akiwa anaota naye aonwe na daktari, kwa kuwa hali hiyo wakati mwingine hutangulia maradhi ya mishipa ya fahamu kama Parkinson. Na anayekoroma sana, akinyamaza ghafla kisha akahema kwa nguvu, huku akiota anazama au ananyongwa, tatizo lake liko kooni: njia ya hewa inaziba. Huyo hata aandike daftari kumi, ndoto haitaisha mpaka hewa ipite.

Dawa, pombe na chumba chenyewe

Kabla ya kutafuta maana ya ndoto, tazama kilichobadilika wiki ilipoanza. Dawa huongoza orodha. Propranolol, inayotolewa kwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo, huleta ndoto kali kwa baadhi ya watu. Vivyo hivyo dawa kadhaa za sonona, na mefloquine ya kukinga malaria. Kwa wanaotumia ARV, efavirenz ilijulikana sana kwa ndoto za ajabu, hasa ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi. Dolutegravir ina nafuu, ila nayo huwanyima usingizi au kuwaletea ndoto baadhi ya watu. Ukiwa nayo, waulize kliniki yako ya ARV (CTC) kama unaweza kuhamishia dozi asubuhi. Mara nyingi hilo linatosha. Usiache dawa yoyote kwa kujiamulia. Na ukikatisha ghafla diazepam au amitriptyline uliyoizoea, ndoto hurudi kwa fujo kuliko mwanzo, kwa hiyo hupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi.

Pombe inadanganya. Iwe mvinyo wa zabibu za hapa Dodoma, iwe pombe ya mtama, nusu ya kwanza ya usiku huzima ndoto na unalala fofofo. Ikishaisha mwilini, ubongo unafidia ndoto zote ilizonyimwa, na zinakuja kwa pamoja saa tisa, saa kumi. Anayekunywa ili asiote analipa deni usiku huohuo. Lakini anayekunywa sana kila siku asiache kwa siku moja. Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na degedege vinaweza kumpata, na vinahitaji hospitali.

Kahawa ya saa kumi jioni, nusu ya kichangamshi chake bado iko mwilini saa tatu usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo bodaboda wengi hushindia, ni habari ileile na sukari juu yake. Mwisho iwe saa nane mchana.

Chumba nacho kina lake. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, nyumba ya bati isiyo na dari inabaki na joto hadi usiku wa manane, na anayeshtukashtuka kwa joto hukumbuka ndoto nyingi zaidi. Fungua madirisha yenye wavu mapema jioni, lala na shuka jepesi. Chandarua kikining'inia chini kikagusa uso, ndoto za kubanwa hazitakosekana. Kipandishe, na kipya kitundike kivulini saa 24 kabla ya kukitumia. Juni na Julai baridi ya usiku inawafanya watu waingize jiko la mkaa ndani. Hilo tuache utani: gesi ya mkaa haina harufu na inaua. Anayeamka na kichwa kinagonga baada ya usiku wa ndoto nzito na jiko chumbani, alikuwa anavuta sumu.

Homa pia huleta ndoto za fujo. Ukiota vibaya usiku mbili tatu huku mwili una moto, pima malaria kwanza.

Daftari la wiki mbili

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, andika mistari mitano: ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, ulikula au kunywa nini jioni, ndoto kwa kifupi, na hofu yake kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Usiandike usiku ule ule kwa urefu, utajiamsha zaidi.

Baada ya siku 14 utaona mambo ambayo kichwa peke yake hakikuyaona. Pengine ndoto inakuja usiku wa mwisho wa mwezi, kodi inapokaribia. Pengine inafuata kila siku uliyolala mchana kwa muda wa saa tatu. Pengine ndoto ulizodhani ni tano tofauti zote zina kitu kimoja: miguu isiyosogea.

Kuiandika upya

Njia hii, ya kuiandika ndoto upya na kuipitisha kichwani mchana, imefanyiwa majaribio. Daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha mwaka 2001, katika jarida la tiba la JAMA la Marekani, matokeo yake kwa wanawake waliowahi kudhalilishwa kingono, na ndoto zao zilipungua. Mpaka leo wataalamu wa usingizi huipendekeza mbele ya dawa. Dawa iitwayo prazosin ilitumainiwa sana, lakini jaribio kubwa kwa askari wastaafu wa Marekani, lililotoka 2018, halikuiona ikishinda kidonge kisicho na dawa.

Chagua ndoto moja. Isiwe ile mbaya kuliko zote. Anza na yenye hofu ya 4 au 5. Iandike jinsi ilivyo, kwa wakati uliopo, nusu ukurasa unatosha. Kisha ibadilishe popote unapotaka na uandike ndoto mpya nzima, mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mfano. Mama anayeuza mboga Sabasaba anaota mara kwa mara anavuka korongo kavu kurudi nyumbani, beseni kichwani. Mchanga unaanza kudidimia chini ya nyayo. Anasikia mvumo, anageuka, maji mekundu yanashuka kama ukuta, na miguu haisogei. Anaamka hapo, jasho linamtoka, saa kumi kasoro. Hofu hiyo si ya kubuni. Makorongo ya huku hushusha maji kutoka kilimani hadi mahali ambapo hata tone halijadondoka.

Ndoto mpya anaiandika hivi: "Nafika ukingoni mwa korongo. Nasikia mvumo, nasimama. Natua beseni chini ya mbuyu, nakaa juu ya jiwe. Jiwe lina joto la jua. Maji yanapita mbele yangu, yamebeba matawi. Nasikia harufu ya udongo uliolowa. Jirani yangu anafika, anakaa, tunaongea bei ya nyanya mpaka maji yanapungua. Tunavuka pamoja, yanaishia kwenye vifundo vya miguu."

Angalia alichofanya. Hakuyaondoa maji, wala hakupigana nayo. Alibadilisha mapema, kabla hofu haijapanda. Aliweka vitu vya kugusa, kunusa na kusikia, kwa kuwa ubongo hushika hivyo kuliko maneno kama "nikawa salama". Na kisa kina mwisho. Mtu mwingine angeota ndege inambeba, au maji yanageuka mahindi, na ingekuwa sawa. Ndoto mpya haihitaji kuwa na ukweli, inahitaji kuwa yako.

Kisha mazoezi. Kila siku kaa mahali tulivu dakika 10 hadi 20, mchana au jioni mapema, funga macho, uipitishe ndoto mpya kichwani kama unaitazama, polepole. Ile ya zamani usiirudie tena. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili angalau, ukiwa na ndoto hiyohiyo moja. Ukitaka kuongeza nyingine, zisizidi mbili kwa wiki. Asiyependa kuandika ajirekodi kwenye simu, achore, au amsimulie mtu anayemwamini.

Mabadiliko huanza kwa namna isiyotarajiwa. Kwa wengi ndoto haikatiki siku moja. Inakuja lakini imefifia, au inakuja ukiwa umesimama pembeni, au inakuja nyingine kabisa. Hofu iliyokuwa 5 inakuwa 3. Hesabu hiyo kuwa ni ushindi, endelea. Wengi huona tofauti ndani ya wiki mbili hadi nne.

Inaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu hizi. Mtu ameanza na ndoto nzito kuliko zote, akatetemeka, akaacha. Au ameandika mpya yenye mapanga na damu, anamshinda adui kwa kumchinja. Hofu imebadilisha nguo tu. Au anafanya mazoezi kitandani saa tano usiku, akilala na picha hizo zikiwa bado za moto. Au kisa ni kirefu kurasa tatu na hakikumbukiki. Au amefanya siku tatu, akasema haifai.

Kama ndoto ni tukio lililokupata kweli, yaani kubakwa, kupigwa, moto, ajali, usianze nalo peke yako. Aliyenusurika ajali kubwa kama ile ya treni ya Igandu ya Juni 24, 2002, iliyoua watu 281, anaweza kuiota miaka mingi baadaye, hasa tarehe zikikaribia. Kisa cha namna hiyo hufunguliwa mbele ya mtaalamu, taratibu. Ukiandika na mwili ukafa ganzi au ukajiona umerudi palepale, funga daftari, tembea, zungumza na mtu.

Ukishtuka nayo usiku

Usibaki umelala ukiirudia. Kaa, shusha miguu, nyayo ziguse sakafu. Washa tochi au taa ya sola, iwe jirani na mto kila usiku. Sema kwa sauti ulipo: "Niko Nkuhungu, leo Jumatano, mlango nimefunga, watoto wamelala." Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara kumi. Kunywa maji, geuka ubavu wa pili. Ikibidi, malizia kisa kwa mwisho ule mpya uliouandika.

Usitazame saa wala simu. Saa itakufanya upige hesabu ya usingizi uliobaki, na simu itakukeshesha. Usingizi usipokuja kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu ufanye jambo la kuchosha, kama kuchambua mchele, mpaka usinzie. Asubuhi amka saa ileile ya siku zote, hata kama umelala vibaya. Choo kikiwa nje na unaogopa kutoka, weka ndoo ndani kwa kipindi hiki. Hakuna ushujaa unaotakiwa hapo.

Maombi, kisomo na mganga

Wengi huanzia huko kabla ya hospitali, na si vibaya kuanzia kwenye faraja. Sala kabla ya kulala hutuliza mwili, na mwili uliotulia huota vizuri zaidi. Mafundisho ya Kiislamu kwa aliyeota vibaya, yaani kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kutema mate kidogo kushoto mara tatu na kugeukia ubavu mwingine, yanamtoa mtu katika ndoto vizuri kabisa. Yanasema pia asiisimulie. Anayeshika hilo aandike daftari lake peke yake kisha alichane. Tiba haihitaji msikilizaji.

Ubaya unaanza unapoambiwa uache dawa, ulipe ili ufunguliwe, au utajiwe jina la anayekuroga. Sura unayoiona ndotoni ni kumbukumbu yako. Ubongo huokota nyuso za mama mkwe, jirani, bosi, na kuzivalisha hofu. Nchi hii imeona vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao likiwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Ndoto si ushahidi dhidi ya mtu.

Watoto

Mtoto mwenye ndoto mbaya hutakiwa kushikwa kwanza, kuulizwa baadaye. Asiambiwe "acha uoga, wewe mkubwa". Mchana mpe karatasi achore alichokiona, kisha aongeze anachotaka: fisi avalishwe kofia, jitu liwe dogo kama panzi. Ni njia ileile ya watu wazima, na watoto huiweza upesi zaidi. Hadithi za mazimwi na sinema za kutisha zisiwe saa ya kulala.

Ndoto zikianza ghafla na mtoto akagoma kwenda shule, kwa ndugu fulani au kulala na mtu fulani, msikilize kwa utulivu bila kumlisha maneno. Simu ya mtoto ni 116, haina malipo.

Kwenda kumwona mtaalamu

Usisubiri wiki mbili za daftari ukiwa unawaza kujiua, unaona au kusikia vitu ukiwa macho, au unamwumiza mwenzako usingizini. Ndoto mbaya za mara kwa mara zinahusiana na mawazo ya kujiua hata kwa mtu ambaye hajawahi kulia mbele ya watu, kwa hiyo yataje bila aibu siku hiyohiyo.

Kwa mengine, anzia kituo cha afya kilicho karibu uombe rufaa. Dodoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile inayoitwa Jenero, kuna Benjamin Mkapa, na kuna Mirembe, iliyoanza 1927 na sasa ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Jina hilo limegeuzwa tusi mitaani, na watu hukaa na shida miaka kwa kuogopa kuonekana getini. Kliniki ya nje hupokea watu wa usingizi, sonona na wasiwasi, wakatibiwa na kurudi kazini siku ileile.

Nenda na daftari na maboksi ya dawa zote unazomeza, pamoja na za kienyeji. Ikiwezekana mpeleke anayelala na wewe, maana ndiye anayejua kama unakoroma, unaweweseka au unapiga mateke. Ukiandikiwa dawa ya usingizi bila kuulizwa ndoto yenyewe ikoje, uliza kama hospitali ina mwanasaikolojia na siku zake za kliniki ni zipi.